Mpwa wangu kapata ufadhili wa raga Sauzi, wenzake wanamwita "kota". Mnaoujua mchezo huu nisaidieni

Mjomba wa Chumbageni:

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mtu wa mpira wa miguu, raga naiona vipande vipande kwenye simu tu, kwa hiyo atakayenijibu anieleweshe taratibu.

Dada yangu anaishi Johannesburg na mumewe, watoto wamekulia huko. Wa pili, mpwa wangu, yuko darasa la saba. Mwili kajaaliwa, mbio anazo, na huko msingi wanacheza raga. Mwaka huu shule moja ya sekondari ya wavulana, zile kongwe zenye majengo ya matofali mekundu na viwanja vya nyasi kila upande, ilimwona kwenye mashindano ikampa ofa ya kusoma kwa ufadhili ili awachezee. Dada alinipigia usiku hata kuongea anashindwa kwa furaha. Ada ya shule ile wao wasingeiweza hata wangeuza gari.

Sasa mambo yamebadilika. Kuna mtoto wa Kizungu wanasoma naye, naye aliitaka nafasi ile akakosa. Kamwambia mbele ya darasa zima kwamba hajachukuliwa kwa uwezo, kachukuliwa kwa sababu shule inatafuta weusi wa kutimiza hesabu. Kuanzia hapo ndiyo jina: kota, yaani mtu wa kujazia idadi ya weusi. Dada anasema mtoto amenyong'onyea, mazoezini anakwenda kwa kusukumwa, na juzi akamuuliza, "Mama, ni kweli?" Dada hakuwa na jibu.

Shemeji ni mtu wa misimamo. Anasema ofa irudishwe, mwanawe hawi pambo la shule ya mtu. Dada anasema mlango kama huo ukifungwa haufunguki tena. Wameniachia mimi nitoe neno la mwisho kama mjomba, na nitalitoaje kwa jambo nisilolijua?

Naomba kujua kwanza kama ni kweli Afrika Kusini wana hesabu ya rangi kwenye timu. Hawa akina Siya Kolisi tunaowaona wananyanyua kombe, walipangwa kwa uwezo au kwa ngozi? La pili, huyu mtoto wa miaka 13 aambiwe nini? Tafadhali msinijibu kwa ushabiki, ni maisha ya mtoto.

---

Mzee wa Keko:

Mjomba, ya shule za kule siyajui. Ila nikisikia mtu anasema raga haituhusu Watanzania roho inaniuma, kwa sababu mchezo huo tuliulipia.

Februari 1974 kijana wetu Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kule Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Rekodi ya dunia. Aliyefuata nyuma yake alikuwa John Walker, mwenyeji. Dunia nzima ikawa inasubiri wakutane tena Olimpiki ya Montreal 1976. Hawakukutana. Mwaka huo timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza na Makaburu wakati damu ya watoto wa Soweto haijakauka. Nchi za Afrika zikataka New Zealand waondolewe kwenye Olimpiki, zikakataliwa, zikasusia. Tanzania ikawa miongoni mwao, Kenya pia. Medali ya dhahabu ya mita 1500 akaichukua Walker, mtu wa nchi ileile iliyosababisha yote. Bayi alipata fedha Moscow 1980, kwenye kuruka viunzi na maji, lakini ile ya 1500 haikurudi.

Na hao New Zealand wenyewe walikuwa wakienda kwa Makaburu wanawaacha nyumbani wachezaji wao Wamaori, wazawa wa nchi ile, 1928, 1949, 1960, kwa sababu mwenyeji hataki ngozi ile uwanjani. Mwaka 1970 ndipo wakaruhusiwa, tena kwa kupewa cheo cha "Wazungu wa heshima". Fikiria tusi hilo.

Kwa hiyo hasira ya shemeji naielewa, ina mizizi mirefu. Ila mimi niliyeyaona hayo namwambia hivi: tulisusia kwa sababu mlango ulifungwa kwa watu wetu. Leo mtoto wetu kafunguliwa, halafu arudi nyumbani kwa sababu ya maneno ya mtoto mwenzake aliyekosa nafasi?

---

Dereva wa PE:

Mjomba, salaam kutoka Port Elizabeth, siku hizi inaitwa Gqeberha ila sisi wakazi bado tunasema PE. Mimi ni mtu wa Muheza, jirani yako. Naendesha basi dogo la kukodi, na Jumamosi za msimu wa raga kazi yangu ni kubeba timu za shule za lokesheni, yaani mitaa ya weusi, kwenda kucheza ugenini. Nimeupenda mchezo huu kwa kuukalia pembeni ya uwanja miaka mingi. Acha nikujibu kwa urefu, maana umeuliza vizuri.

Hesabu ipo, hakuna wa kuificha. Chama cha raga cha Afrika Kusini kilisaini mpango mwaka 2015 kwamba ifikapo 2019 nusu ya wachezaji wa timu ya taifa wawe weusi. Kwa hesabu za huku, mweusi ni pamoja na Kaladi, yaani chotara, na Mhindi. Na mwaka 2016 waziri wa michezo wa wakati huo, Fikile Mbalula, alikizuia chama kuomba kuandaa mashindano makubwa kwa sababu ya kuchelewa kufikia malengo.

Sasa tazama kilichotokea uwanjani. Afrika Kusini imechukua Kombe la Dunia mara nne, na fainali zote vikosi vyake vinajulikana. 1995, Ellis Park, Mandela kavaa jezi namba 6: kati ya 15 walioanza, mweusi mmoja, Chester Williams. 2007 kule Ufaransa: wawili, Bryan Habana na JP Pietersen. 2019 Yokohama: sita. 2023 Paris: watano. Nchi yenyewe, katika kila watu kumi, Waafrika weusi ni wanane, hapo hujawaweka Makaladi. Anayedai weusi wanajazwa, aniambie wamejazwa wapi. Nusu yenyewe iliyoahidiwa haijafika kwenye fainali hata moja.

Na waliofika walifanya nini? Fainali ya 2019 nitakusimulia kwa sababu nafikiri mpwa wako aitazame kwa macho yake. England walikuwa wametoka kuwafunga New Zealand, watu wote wamewapa kombe. Kwenye skramu, pale wanaume wanane wanasukumana na wanane, Tendai Mtawarira aliwasukuma Waingereza tangu mapema mpaka mwamuzi akawa anapiga filimbi za penalti mfululizo. Mtawarira ni mzaliwa wa Harare, wanamwita Beast. Kando yake, katikati ya safu ya mbele, alikuwepo Bongi Mbonambi, ambaye aliumia mapema na mchezo ukaendelea kwa njia ileile. Halafu kipindi cha pili Makazole Mapimpi, winga, akaupiga mpira mbele juu ya vichwa vya mabeki. Lukhanyo Am akaudaka. Njia mbele yake ilikuwa nyeupe, angeweza kufunga yeye mwenyewe, lakini hata kichwa hakugeuza, akaurudisha kwa Mapimpi aliyekuwa pembeni yake. Trai, ndilo bao la raga la kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Afrika Kusini walikuwa hawajawahi kufunga trai kwenye fainali ya Kombe la Dunia, yale mawili ya nyuma waliyachukua kwa mipira ya kupiga tu. Dakika chache baadaye Cheslin Kolbe, mmoja wa wenye miili midogo kabisa uwanjani, akamwacha nahodha wa England amepigwa chenga akafunga la pili. 32 kwa 12. Niambie nani pale alikuwa anajaza hesabu.

Ila kuna jambo ambalo mtoto yule wa Kizungu halijui na pengine baba yake halijui pia. Watu huku wanaamini raga ni ya Wazungu na weusi wameingizwa juzi na serikali. Mkoa huu wa Eastern Cape, Waxhosa wanacheza raga zaidi ya miaka mia, walianza kwenye shule za misheni. Pale Zwide, lokesheni alikozaliwa Kolisi, kuna uwanja unaitwa Dan Qeqe, jina la mzee aliyeongoza raga ya weusi wakati wa ubaguzi. Klabu ya mtaani ya Kolisi, African Bombers, inacheza hapo. Wazee wanaokaa jukwaani wanakumbuka 1976, Cheeky Watson na nduguye, vijana wa Kizungu, walipovuka kuja kucheza na weusi KwaZakhele huku polisi wanazunguka. Ukikaa nao wanakutajia wachezaji wa zamani namba kwa namba, watu ambao wangeivaa jezi ya taifa na hawakuruhusiwa hata kujaribiwa. Mweusi wa kwanza kuivaa, Errol Tobias, aliivaa 1981. Timu ile ilikuwa na miaka tisini tayari.

Kwa hiyo vipaji havijaanza jana. Kilichokosekana ni kingine, na hapa ndipo nataka mjomba usome polepole.

Asubuhi ya Jumamosi napakia watoto wa lokesheni. Mwalimu wao, Mungu amlipe, huwa ananisimamisha dukani njiani ananunua mikate na polonyi, soseji nene ya kukata, kwa hela yake, wanakula ndani ya gari, kwa sababu anajua wengi wametoka nyumbani na chai kavu. Tunafika kwenye shule kubwa. Wenyeji wana viwanja vya nyasi vilivyochorwa chokaa mbichi, wana mashine ya chuma ya kufanyia mazoezi ya skramu, wana meza ya kufungwa bandeji vifundo vya miguu na mtu amesomea kazi hiyo. Watoto wangu wadogo wa chini ya miaka 14 wakimaliza mechi yao wanakaa chini wanavua viatu, vinapokewa na kaka zao wa chini ya 16 ambao mechi yao ndiyo inaanza. Vingine haviwatoshi, wanajaza gazeti mbele. Nimewaona wakifanya hivyo haraka haraka, migongo wameigeuzia wenyeji wasionekane.

Na mechi inakwendaje? Kipindi cha kwanza wanalingana, mara nyingine wangu wako mbele. Mbio wanazo, mikono wanayo, woga hawana. Kipindi cha pili katikati miguu inakwisha. Wale wa shule kubwa wamekula nyama wiki nzima, wamelala bwenini saa tatu usiku, wana wa akiba kumi benchi. Wanafunga tatu nne za mwisho na matokeo yanasomeka kama kipigo. Anayesoma matokeo kwenye gazeti Jumatatu ataamini kwamba shule za weusi hazina wachezaji.

Kolisi mwenyewe alilisema hili mwanzoni mwa 2019 alipozungumza na waandishi wa Japani. Alisema hakupenda achaguliwe kwa rangi yake, watu wengi huku wakamkasirikia kwa hilo. Lakini waliokasirika walisikia nusu. Alisema pia kwamba asingekwenda kwenye shule ya Kiingereza asingekula vizuri wala asingekua vizuri, na asingepata maandalizi waliyopata wenzake. Alilelewa na bibi yake Zwide. Kwenye majaribio ya mkoa alicheza na bukta ya ndani kwa kukosa kaptura ya raga. Walimwona kwenye mashindano Mossel Bay akiwa na miaka 12, akapewa ufadhili Grey, moja ya shule kongwe hapa PE, na alifika pale Kiingereza kinampiga chenga. 2018 akawa nahodha wa kwanza mweusi wa timu ya taifa kwenye mechi za kimataifa. Mechi ya kwanza, Ellis Park, waliwafunga England 42 kwa 39.

Waliotoboa bila kupitia shule za namna hiyo wapo, Mapimpi wa Tsholomnqa ni mmoja, kijijini kabisa, na alicheza ligi za chini huko nyuma mpaka mtu wa maana akamwona ana miaka ishirini na kitu. Njia yake ilipitia timu ya Southern Kings, hiyo ya hapa PE, na Lukhanyo Am alipita hapohapo. Timu hiyo ilikufa kwa madeni 2020. Tangu hapo mkoa huu wenye raga kongwe ya weusi hauna timu ya juu ya kulipwa. Kijana akitaka kula kwa mchezo huu anahamia Cape Town, Durban, Pretoria au huko Johannesburg kwenu. Hili linanikera kuliko kelele zote za kota, na halizungumzwi.

Kwa hiyo jibu langu: rangi kwenye timu ya taifa inahesabiwa mwishoni, mtu ana miaka 25. Uamuzi ulishafanyika ana miaka 13, siku alipopata au alipokosa shule. Mpwa wako amesimama kwenye siku hiyo. Hakupewa sadaka. Shule imemwona anakimbia ikamtaka, na akiwafungia wao ndio watakaojisifu.

---

Akinyi wa Ngong Road:

Mjomba, hongera kwa mpwa. Dereva nimekusoma yote na nakubaliana na mengi, lakini acha nisimame kidogo upande wa shemeji, kwa sababu naona anabezwa.

Mimi nimekulia karibu na uwanja wa raga wa RFUEA hapa Nairobi, ndugu zangu wawili wamecheza. Raga ya Kenya ilianza kama mchezo wa masetla na vilabu vyao, baadaye ikawa yetu kabisa. Vijana wetu wa saba kila upande, Shujaa, walichukua taji Singapore 2016 kwa kuwalaza Fiji 30 kwa 7 kwenye fainali, hakuna aliyeuliza rangi. Lakini uliza wachezaji wetu wametoka wapi: wengi bado ni wa shule zilezile chache zenye uwanja na kocha. Kwa hiyo hoja ya Dereva kuhusu shule ni kweli hata mahali ambapo Mzungu hayupo.

Hofu yangu ni nyingine. Mtoto mweusi akiingia peke yake mahali pale, watu hupenda picha yake kuliko yeye. Chester Williams 1995 uso wake ulibandikwa kila mahali kuonyesha kwamba nchi imebadilika, na yeye ndiye mweusi pekee kwenye kikosi kizima. Aliwafunga Western Samoa trai nne kwenye robo fainali! Miaka baadaye alieleza kwamba kuna wenzake timuni waliomtukana kwa rangi yake. Aliyabeba peke yake muda wote ule. Alifariki 2019, miezi miwili kabla Kolisi hajanyanyua kombe.

Na kuna Ashwin Willemse, mchezaji bora wa mwaka wa Afrika Kusini 2003. Mei 2018 akiwa mchambuzi alisimama akatoka studio matangazo yakiwa hewani, akisema ameitwa kota muda mrefu na amechoka kudharauliwa. Uchunguzi uliofuata haukuona ubaguzi wa wazi kwa wenzake. Sawa. Lakini mtu wa hadhi yake, amestaafu, ana heshima zake, neno hilo bado lilikuwa linamchoma. Sasa mtoto wa miaka 13?

Pia angalieni anapangwa namba gani. 2007 weusi wawili wale wote walikuwa mawinga. Miaka mingi ilikuwa hivyo: mweusi ana mbio, mpeleke pembeni, wa kufikiri na kuamua, namba 10, awe Mzungu. Imeanza kubadilika, namba 10 tumemwona Manie Libbok Kombe la Dunia 2023 na sasa Sacha Feinberg-Mngomezulu. Lakini kwenye shule tabia hizo hufa polepole. Mimi sisemi asiende. Nasema asiende kabla baba yake hajakaa na watu wa shule wakamjibu maswali.

---

Mjomba wa Chumbageni:

Mzee wa Keko, Dereva, dada Akinyi, Mungu awabariki. Nimemtumia dada uzi huu, na shemeji kausoma mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitegemea. Habari ya Filbert Bayi ilimgusa, anamkumbuka. Amekubali kwenda shuleni kuonana nao kabla ya kukataa chochote. Amesema ya dada Akinyi ndiyo yaliyokuwa moyoni mwake, alikosa namna ya kuyasema.

Wameitwa kwa mazungumzo wiki ijayo. Dereva, wewe unayeziona shule hizi, waulize nini? Na mtoto tumwambie nini kuhusu hilo jina?

---

Dereva wa PE:

Mjomba, nimefurahi sana kusikia shemeji anakwenda. Aende yeye na dada wote wawili, na mtoto awepo.

Kwanza waulize ufadhili unalipa nini hasa, na wapewe kwa maandishi. Kuna unaolipa ada tu. Bweni, sare, kaptura, viatu, kinga ya meno, safari za ugenini, vyote vinabaki kwa mzazi, na safari za timu za shule kubwa si za Muheza na Tanga, wanapanda ndege. Nimewahi kubeba familia iliyokuwa inamrudisha mtoto nyumbani katikati ya mwaka kwa kushindwa hivyo vidogo vidogo.

Pili, na hili msilione aibu kuliuliza: akiumia goti kidato cha pili asiweze kucheza tena, anaendelea kusoma mpaka amalize au ufadhili unakatika? Jibu wanalotoa hapo litawaambia wanamtaka mtoto au wanataka miguu yake. Wakisema "tutaangalia wakati huo", ombeni iandikwe kwamba atamaliza shule.

Tatu, waulize wanamwona namba ngapi. Dada Akinyi amesema kweli. Katika umri huo mtoto anatakiwa ajaribiwe namba nyingi. Wakisema winga moja kwa moja, waulize kwa nini, na nani anayecheza namba 9 na 10, na wanawapataje hao.

Nne, nani mweusi yupo pale mwenye mamlaka. Mwalimu wa bweni, kocha, yeyote. Hata kwenye kulipwa makocha weusi ni wachache. Timu ya taifa imepata makocha wakuu wawili tu wasio Wazungu, Peter de Villiers na Allister Coetzee, na sasa Mzwandile Stick, mtoto wa hapa PE, ni msaidizi. Mtoto akiitwa jina tena usiku bwenini, anamwendea nani? Wataje mtu kwa jina na wawakutanishe naye siku hiyohiyo. Waulize pia masomo ni kwa Kiingereza au Kiafrikana.

Tano, unga wa kujenga misuli. Shule nyingine vijana wanaunywa kama uji ili wanenepe haraka. Shemeji aseme wazi kwamba mwanawe asipewe kitu chochote cha namna hiyo bila yeye kujua. Chakula cha bweni kinatosha.

Kuhusu jina. Msimwambie asahau jina hilo, hatasahau. Mkae naye mtazame ile fainali ya 2019 yote, si vipande. Baba yake amwambie kwamba wachezaji weusi wa timu ya taifa nao wamekuwa wakisemwa hivyohivyo na watu wazima, na bado wakaisukuma skramu ile. Halafu mwambieni na hili: shule zile watoto wa Kizungu huingia kwa sababu baba alisoma pale na babu alisoma pale, na hakuna anayewapa jina. Yeye aliingia kwa siku moja uwanjani mbele ya watu waliokuwa hawamjui.

Yule mwenzake aliyekosa, mpwa asigombane naye. Naye ni mtoto, kaumia, kasema alichosikia nyumbani. Lakini mwalimu wa darasa aambiwe, na aambiwe na baba, si mtoto.

Barua ya ofa mkishaipata, futa jina la shule na la mtoto, nitumie ule ukurasa wa masharti nimwonyeshe mwalimu ninayembebea timu, yeye ameshasaidia wazazi kadhaa kuzisoma. Jumamosi nina safari ya Makhanda na watoto, nitakujibu Jumapili jioni.